HDL na mafuta yanayochacha ndani ya mshipa

Chukua korosho iliyobanguliwa, ile iliyokaa kwenye mfuko uliofunguliwa tangu msimu uliopita, uitie mdomoni. Utamu umekwisha. Ina harufu kama ya rangi ya mafuta ya zamani, na ukishaimeza koo linakwaruza. Hakuna mdudu aliyeiingia wala ukungu ulioota. Oksijeni ya hewani imeyavamia mafuta yake na kuyageuza polepole, siku baada ya siku. Karanga hupatwa na hayo, samli hupatwa, mafuta ya nazi hupatwa. Nyumbani tunasema yamechacha. Mkemia atasema yameoksidika.

Sasa fikiria damu yako. Ina mafuta, na ina oksijeni tele, maana kuisambaza oksijeni ndiyo kazi yake kubwa. Vitu viwili vinavyoiharibu korosho vinasafiri pamoja mwilini mwako usiku na mchana, katika joto la nyuzi 37. Kwa nini basi mafuta ya mwilini hayachachi? Ukweli ni kwamba huchacha, hasa yakijificha ndani ya kuta za mishipa. Yangechacha zaidi kama mwili usingekuwa na walinzi, na mmoja wao ni HDL, ndiye tuliyezoea kumwita kolesteroli nzuri.

Ninaandika haya kwa sababu ya picha niliyotumiwa na shangazi yangu. Ilikuwa karatasi ya maabara: kolesteroli jumla 7.2, LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, 4.6, HDL 2.1, zote kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Chini yake aliandika: "Baba, nzuri yangu iko juu sana, si ndiyo inaifuta hiyo mbaya?" Nilitaka kumjibu kwa sentensi moja nikashindwa. Watu wengi niliozungumza nao wana imani hiyohiyo, kwamba nzuri na mbaya ni kama deni na malipo, moja inafuta nyingine. Imani hiyo inaweza kumfanya mtu akae na hatari miaka kumi akidhani yuko salama.

Jina lenyewe ndilo linalopotosha. Kolesteroli ni moja tu. Iliyomo ndani ya HDL na iliyomo ndani ya LDL ni molekuli ileile, na mwili hauwezi kuishi bila hiyo: utando wa kila seli umejengwa nayo, homoni za uzazi hutengenezwa kutokana nayo, nyongo na vitamini D vilevile. Tatizo lake ni moja, haiyeyuki katika maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo inahitaji chombo cha kusafiria. Vyombo hivyo huitwa lipoprotini, vijipira vya mafuta vilivyozungushiwa protini. LDL ni chombo kikubwa chenye mafuta mengi, kipenyo chake kama nanomita 20 hadi 25. HDL ni kidogo, nanomita 7 hadi 12, na ni kizito kwa umbo lake kwa kuwa karibu nusu ya uzito wake ni protini. Tunachokiita kizuri au kibaya ni chombo, si shehena.

Mtu aliyevitenganisha vyombo hivi na kuonyesha uhusiano wake na moyo ni John Gofman wa Berkeley, California, aliyeizungusha damu katika mashine zenye kasi kubwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuingia ya 1950. Baadaye wakazi wa mji wa Framingham, Marekani, waliokuwa wakifuatiliwa tangu 1948, walionyesha jambo lililoshangaza: mwaka 1977 watafiti walitangaza kwamba kadiri HDL ya mtu ilivyokuwa ndogo, ndivyo uwezekano wa kupata ugonjwa wa moyo ulivyokuwa mkubwa. Hapo ndipo jina la kolesteroli nzuri lilipopata nguvu. Lakini kuona kwamba viwili vinakwenda pamoja si kujua kimoja kinamfanyia nini mwenzake. Ili kulijua hilo, inabidi tuingie ndani ya ukuta wa mshipa.

Ateri si bomba la plastiki. Ukuta wake ni nyama hai yenye matabaka, na upande wa ndani kabisa umetandikwa seli bapa zilizopangana kama vigae. Chembe za LDL hupenya chini ya vigae hivyo kila wakati. Nyingi hutoka, lakini zikiwa nyingi mno katika damu, baadhi hunasa kwenye nyuzi za chini kama samaki katika nyavu. Zikinasa huko, ziko mbali na vitamini C na vitu vingine vya damu vinavyopambana na oksijeni haribifu. Hapo ndipo zinapochacha.

Uharibifu wenyewe huenda hivi. Molekuli fulani, iitwayo radikali huru, imepungukiwa elektroni moja na haitulii mpaka ipore kwa jirani. Jirani aliyeporwa naye anageuka mporaji. Mafuta laini, yale yenye bondi mbili kati ya atomi za kaboni, huporwa kwa urahisi zaidi, na ndiyo maana korosho na karanga huchacha upesi kuliko kipande cha mafuta magumu ya ng'ombe. Wizi mmoja huzaa wa pili, wa pili huzaa wa tatu, mpaka chembe nzima ya LDL inakuwa imeharibika. Moshi wa sigara huwasha moto huo. Sukari nyingi katika damu huuchochea. Hata seli zetu nyeupe, zikiwa vitani na vijidudu, huurusha makusudi.

Mwaka 1979 Joseph Goldstein na Michael Brown, waliokuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1985, walieleza jambo ambalo ni kiini cha habari hii yote. Seli ya kawaida ikishatosheka kolesteroli hufunga mlango wake wa kupokelea LDL. Makrofaji, seli nyeupe zinazozoa takataka, zina mlango mwingine wa kumezea LDL iliyobadilishwa umbo, na mlango huo haufungwi. Katika miaka ya 1980 Daniel Steinberg na wenzake wa San Diego walionyesha kwamba kuoksidika ni njia mojawapo ya kuibadilisha LDL hivyo. Makrofaji huimeza, huimeza tena, mpaka inavimba kwa matone ya mafuta. Chini ya hadubini inaonekana kama povu, na ndivyo inavyoitwa, seli povu. Seli povu zikirundikana, zikafa na kumwaga mafuta yao, ukuta wa mshipa unafanya kovu lenye ujiuji ndani. Siku kovu hilo likipasuka, damu inaganda juu yake. Ikiwa ni kwenye moyo ni shambulio la moyo, ikiwa ni kwenye ubongo ni kiharusi.

Humo ndimo HDL inamofanyia kazi. Ni ndogo, kwa hiyo inaingia na kutoka ukutani kwa urahisi, na ni nyingi: kwa kila chembe moja ya LDL, damu ina zaidi ya kumi za HDL.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni kuzoa. Inaifuata makrofaji iliyoshiba, inapokea kolesteroli kupitia mlango wa protini uitwao ABCA1, kisha shehena hiyo inafikishwa kwenye ini, ambako sehemu yake hutolewa kwa njia ya nyongo. Umuhimu wa mlango huo ulifahamika kutokana na kisiwa kidogo cha Tangier, katika ghuba ya Chesapeake, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari walikuta huko watoto wenye mafindofindo ya rangi ya chungwa. Damu yao karibu haikuwa na HDL kabisa, na kolesteroli iliyokosa wa kuizoa ilikuwa imejaa katika seli nyeupe za mafindofindo, wengu na ini. Jeni iliyoharibika ilipatikana mwaka 1999. Ni ya ABCA1.

Kazi ya pili haisimuliwi sana, nayo ndiyo iliyonivutia zaidi: kuzuia mafuta yasichache. Protini kubwa ya HDL, apoprotini A-I, ina amino asidi za methionini katika nafasi ya 112 na ya 148. LDL inapoanza kuharibika hutengeneza mbegu za uharibifu, mafuta yenye oksijeni ya ziada yaitwayo haidroperoksaidi. Mbegu hizi zinaweza kuhama kutoka LDL kwenda HDL. Zikifika, methionini inaichukua ile oksijeni ya ziada na kujibebea yenyewe madhara, na mafuta yanabaki katika hali isiyo na ukali. HDL kisha hupeleka mabaki kwenye ini. Yaani inakubali kuharibiwa kidogo ili jirani yake asiharibike kabisa. Hubeba pia vitamini E, ambayo ni mlinzi wa mafuta kwa asili yake.

Halafu kuna kimeng'enya kiitwacho paraoksonesi, au PON1, kinachotengenezwa na ini na kusafiri katika damu kikiwa kimejishikiza karibu chote kwenye HDL. Jina lake halina uhusiano na moyo. Linatokana na paraoksoni, sumu inayozalishwa mwilini mtu anapoingiliwa na dawa ya wadudu ya parathioni. Kimeng'enya hiki kilijulikana kwanza kama kinachokata sumu za jamii hiyo, zile za oganofosfeti, ambazo jamaa zake bado zinapulizwa kwenye nyanya, kahawa na pamba katika mashamba mengi ya kwetu. Mwaka 1991 Michael Mackness na wenzake huko Uingereza waliripoti kwamba PON1 inapunguza pia kuoksidika kwa LDL. Mwaka 1998 wengine walitengeneza panya wasio na PON1. Panya hao walidhurika upesi na sumu ya wadudu, na walipolishwa mafuta mengi mishipa yao iliziba zaidi kuliko ya wenzao. HDL yao ilikuwepo, lakini ilipowekwa pamoja na LDL na seli za ukuta wa mshipa katika maabara, haikuweza kuilinda. Chombo kilikuwepo, fundi hakuwemo.

Niseme kitu hapa kwa wanaoishi karibu na mashamba, ingawa kinatoka kidogo nje ya njia. Watoto wachanga wana PON1 kidogo sana ukilinganisha na watu wazima, na huongezeka taratibu katika miaka ya mwanzo. Chupa ya dawa ya mboga iliyowekwa chini ya kitanda, au bomba la kupulizia linalooshewa karibu na maji ya kunywa, linamkuta mtoto ambaye ngao yake hiyo haijakamilika.

Msomaji anaweza kusema: kama tatizo ni kuchacha, si tumeze vitamini E kwa wingi? Wazo hilo liliwavuta wanasayansi wengi, na lilipimwa kwa haki. Katika utafiti wa HOPE uliochapishwa mwaka 2000, watu 9,541 walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu hivi, wengine wakipewa vitamini E na wengine kidonge kitupu. Mashambulio ya moyo na viharusi havikupungua. Kidonge kinachotawanyika mwili mzima si sawa na kimeng'enya kilichokaa juu ya chembe inayoingia mahali palepale penye moto. Ninapoona makopo ya vidonge hivyo yakiuzwa kwa bei kubwa kama kinga ya moyo, inaniuma.

HDL haishughuliki na moyo peke yake. Watafiti wameikuta na protini zaidi ya 80 za aina mbalimbali, na nyingi hazihusiani na mafuta hata kidogo. Nyingine ni za kinga ya mwili. HDL huinasa sumu ya ukuta wa bakteria kabla haijasambaza balaa katika damu. Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa hukuhuku kwetu.

Mbung'o, au ndorobo kama wanavyomwita wengine, hubeba vimelea viitwavyo tripanosoma. Aina moja, Trypanosoma brucei brucei, huwapa ng'ombe ugonjwa wa nagana. Binadamu anaumwa na mbung'o huyohuyo, vimelea vilevile vinaingia katika damu yake, na haugui. Kinachomwokoa ni sehemu ndogo ya HDL yake, kama mtafiti Mary Rifkin alivyoonyesha mwaka 1978. HDL hizo maalumu zimebeba protini inayoitwa apoprotini L1. Kimelea, kwa njaa yake, huimeza HDL akidhani ni chakula. Ikishaingia ndani, apoprotini L1 hutoboa matundu katika tando zake, maji na chumvi vinafurika, kimelea anavimba na kupasuka.

Basi malale hutoka wapi? Hutoka kwa ndugu zake waliojifunza kukwepa. Trypanosoma brucei rhodesiense, anayepatikana mashariki na kusini mwa Afrika, ana protini ya pekee inayoikamata apoprotini L1 kabla haijatoboa. Gambiense wa Kongo na Afrika ya Magharibi ana mbinu zake nyingine. Uganda ndiyo nchi yenye aina zote mbili. Kwa hiyo mwindaji au mlinzi wa hifadhi ya Serengeti anayeumwa na mbung'o mara nyingi kwa siku anakingwa na HDL yake dhidi ya vimelea wengi, na bado anaweza kupatwa na yule mmoja aliyekwisha kuipatia dawa kinga hiyo.

Hapa ndipo habari inapogeuka, na ndipo nilipotaka shangazi anisikilize kwa makini. HDL yenyewe ni mafuta na protini, na mafuta na protini huharibika. Mlinzi wa korosho naye anaweza kuchacha.

Mtu akipata maambukizi makali, ini hutoa kwa wingi protini iitwayo amiloidi A. Inaingia kwenye HDL na kuisukuma nje apoprotini A-I, na PON1 inapungua. Kundi la Alan Fogelman wa Los Angeles lilionyesha katika miaka ya 1990 kwamba HDL ya mtu aliye katika hali hiyo huacha kuilinda LDL, na inaweza hata kuchochea uvimbe. Pengine kwa siku chache jambo hilo lina faida, mwili ukihitaji moto wa kupigana na vijidudu. Balaa ni moto usiozimika: fizi zinazooza miaka nenda miaka rudi, baridi yabisi, unene wa tumbo, figo zinazofeli. Katika kisukari, sukari hujibandika kwenye protini za HDL na kuzilemaza. Katika ukuta wa mshipa wenye uvimbe, seli nyeupe hutoa kimeng'enya cha myeloperoksidesi kinachotengeneza kemikali iliyo ndugu wa ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Kemikali hiyo huichoma apoprotini A-I mahali palepale inaposhika kolesteroli. Karatasi ya maabara haioni lolote kati ya haya. Inapima kiasi cha kolesteroli iliyomo ndani ya HDL, yaani shehena. Haisemi chombo kinafanya kazi au kimevunjika usukani.

Dunia ililijua hili kwa gharama kubwa. Kampuni ya Pfizer ilitengeneza dawa ya torcetrapib, iliyopandisha HDL kwa asilimia 72, kiasi ambacho hakuna mazoezi wala chakula kinachoweza kukifikia. Ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 15,000. Mwezi Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa ghafla: waliokufa kati ya waliopewa dawa walikuwa 93, na kati ya wenzao wasiopewa walikuwa 59. Dawa hiyo ilikuwa na makosa yake mengine, ilipandisha shinikizo la damu, lakini hata mbili zilizofuata bila kosa hilo hazikufua dafu. Dalcetrapib iliachwa mwaka 2012, evacetrapib mwaka 2015. Niasini, vitamini iliyotumika miongo mingi kupandishia HDL, ilipimwa kwa watu 25,673 katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, na haikupunguza mashambulio ya moyo kwa watu waliokwisha kutumia statini, dawa za kushusha LDL. Ilileta madhara tu. Wanajenetiki nao waliwachunguza watu waliozaliwa na jeni inayopandisha HDL bila kugusa LDL. Mwaka 2012 waliripoti kwamba hao hawakuwa na nafuu yoyote ya moyo.

Huko Denmark, watafiti walifuatilia watu 116,508 na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Wenye HDL ndogo sana walikufa zaidi, kama ilivyotarajiwa. Wenye HDL kubwa kupita kiasi, milimoli 3 kwa lita na kuendelea kwa wanaume na 3.5 kwa wanawake, nao walikufa zaidi. Mwaka 2016 ilikuwa imekwisha kuonekana sababu mojawapo inayoweza kueleza hali kama hiyo. Watu wenye hitilafu katika kipokezi cha ini kinachopakua kolesteroli ya HDL huwa na HDL nyingi katika damu, na hatari ya moyo iliyo juu. Ni kama bandarini: meli zikionekana nyingi majini si lazima biashara iwe nzuri, pengine gati limefungwa na hakuna anayepakua.

Kinyume chake kipo katika kijiji cha Limone sul Garda, kaskazini mwa Italia, kando ya ziwa. Baadhi ya wakazi wake, wote wa ukoo mmoja wa tangu karne ya 18, wana HDL ndogo ya kutisha. Daktari yeyote angewahofia. Lakini Cesare Sirtori na wenzake wa Milan walipowapima, mishipa yao haikuwa na uharibifu uliotarajiwa. Apoprotini A-I yao ina badiliko moja tu: katika nafasi ya 173, amino asidi ya aginini imeondoka na sisteini imekaa mahali pake. Sisteini ina salfa inayoweza kupokea mashambulizi ya oksijeni haribifu. HDL yao ni chache lakini inaelekea kufanya kazi kwa bidii. Jaribio dogo la mwaka 2003 la kuwadunga wagonjwa protini hiyo lilileta matumaini makubwa, lakini jaribio la baadaye halikuyathibitisha. Mwaka 2024 dawa nyingine ya kudunga, iliyotengenezwa kwa apoprotini A-I ya kawaida na kupewa watu waliotoka tu kupata shambulio la moyo, katika jaribio la watu zaidi ya 18,000, nayo haikupunguza vya kutosha mashambulio katika siku 90 za mwanzo.

Kwa hiyo wanaosema HDL haina kazi wanakosea, na wanaosema ipandishe tu utapona wanakosea pia. Kazi ipo. Kinachokosekana bado ni kipimo cha kazi hiyo katika maabara za kawaida, na dawa inayoiboresha. Vipimo vya utafiti vipo. Dallas, Marekani, watu 2,924 walipimwa uwezo wa HDL yao kuzoa kolesteroli kutoka kwenye makrofaji, na matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba uwezo huo ulitabiri ugonjwa wa moyo hata pale wingi wa HDL uliposhindwa kutabiri.

Vitu vinavyoisaidia HDL kufanya kazi ni vilevile tunavyoambiwa kila siku, ila sasa sababu inaonekana. Sigara hushusha HDL na kudhoofisha PON1, na HDL huanza kupanda wiki chache tu baada ya mtu kuacha. Kutembea kwa kasi au kulima huipandisha kidogo. Mafuta magumu yaliyotiwa hidrojeni kiwandani huishusha HDL na kuipandisha LDL kwa pamoja, hasara mara mbili. Kule Hispania, watu 296 waliokula kwa mwaka mzima mboga, kunde, samaki na karanga za aina mbalimbali, au mafuta ya zeituni, HDL yao ilizoa kolesteroli vizuri zaidi, na kundi la mafuta ya zeituni lilionyesha faida nyingi kuliko yote. Na mafuta ya chipsi yaliyogeuka meusi kwa kukaangiwa siku ya tatu ni mafuta yaliyokwisha kuoksidika kabla hujayala. Sehemu yake hufyonzwa na kuingia katika damu. Ukipata malaria au maambukizi makali, usipime kolesteroli wiki hiyo, maana HDL hushuka na namba zote zitakudanganya.

Nilimpigia shangazi simu badala ya kumwandikia. Nilimweleza korosho, akacheka, anaijua harufu hiyo tangu utoto. Nilimwambia achukue ile 7.2 ya jumla aitoe 2.1 ya HDL. Akapata 5.1. Nikamwambia hiyo ndiyo kolesteroli iliyo katika vyombo vinavyoweza kunasa ukutani, na HDL yake, hata ikiwa hodari, haiwezi kulinda shehena ya ukubwa huo kila siku kwa mtu wa miaka 61 mwenye presha. Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo hii nzuri yangu niifanyie nini?" Nikamjibu kwamba hakuna kidonge cha kuipa. Kilichopo ni kuipunguzia vitu vya kulinda.

Daktari wake amemwanzishia statini, na kikaango cha mafuta meusi kimeondoka jikoni. Atarudi kupima baada ya miezi miwili, naye amenionya nisianze tena kumsomea ule mstari wa HDL. Anataka kusikia kwanza LDL imeshuka kiasi gani.